Jiwe la Bure

Mume wangu alikuwa mchimbaji. Alichimba visima, vyoo na misingi ya nyumba, na siku za neema alichimba mashimo ya nguzo kule bandarini. Watu wakisikia hivyo hudhani niliolewa na misuli, na mimi hadi leo hukasirika. Kuchimba ni nusu ya kazi, tena nusu nyepesi. Nusu nzito ni kutaja bei ya kitu ambacho wewe hujakiona, mwenye kiwanja hajakiona, na Mungu anayekiona hasemi.

Nchi yetu haina ardhi moja. Ukipanda Nanyamba unakuta udongo mwekundu unaosimama wenyewe. Unachimba choo kirefu, unaenda kula, unarudi unakikuta vile vile ulivyokiacha. Ukishuka Kilambo, karibu na Ruvuma, ni udongo mweusi unaong'ang'ania beleshi kama ugali wa muhogo, na maji yanakuja kabla hujayaita. Ukienda Msimbati ni mchanga mtupu, unatoa beleshi moja, yanaporomoka mawili. Na huku kwetu, kati ya mji wa Mtwara na Mikindani, juu ni mchanga na chini ni matumbawe, mawe ya bahari iliyojiondokea zamani. Mengi ni laini, unayakata kwa shoka, na ndiyo waliyojengea majumba ya kale ya Mikindani. Lakini katikati ya hayo laini hujificha magumu, nayo hayana alama yoyote huku juu.

Basi mume wangu alikuwa na namna yake. Akiitwa kwenye kiwanja hakuzungumzia bei kwanza. Alizunguka. Alitazama kaa wa nchi kavu wametupa udongo gani mlangoni mwao, akisema kaa huchimba bila malipo kwa hiyo hana sababu ya kudanganya. Alitazama mikorosho, kwani mkorosho uliodumaa wakati wenzake wananenepa, chini yake pana kitu kinachozuia mizizi. Aliuliza majirani vyoo vyao viliishia wapi na kwa nini. Kisha alichukua mtalimbo wake. Ulikuwa chuma kirefu alichofuliwa na mhunzi kutoka kwenye kipande cha reli, ile reli ya wakoloni iliyong'olewa sisi tukabaki na tuta lake. Alikuwa akiudidimiza kwenye pembe zote za mahali pa kuchimba, amefumba macho, anasikiliza kwa viganja. Akimaliza ndipo alipokaa, akapewa kahawa, akataja bei kwa pima, ule urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa.

Na kabla watu hawajainua mikono alisema maneno yake, yale yale kila alikokwenda, mbele ya mashahidi.

"Mchanga una bei yake. Jiwe lina bei yake. Maji yakitoka ya chumvi, aliyetia chumvi ni Mungu, si mimi."

Hapo walisoma Fatiha, wakapangusa nyuso, na mambo yakawa yamekwisha. Hapakuwa na karatasi. Mara moja tu nilimwona akibishiwa. Mwenye shamba mmoja wa Nanyamba, tajiri wa korosho, alikataa kulipa bei ya jiwe lililojitokeza katikati ya ule udongo mwekundu ambao hakuna aliyeutilia shaka. Mume wangu hakupandisha sauti. Aliwaita wale waliokuwepo siku ya Fatiha, kila mmoja akayarudia yale maneno matatu, na yule tajiri akalipa huku amenuna. Siku ile tulipokuwa tunarudi juu ya magunia ya lori aliniambia, "Mchimbaji hana duka wala mzani. Ana neno tu. Likipasuka hilo, hamna fundi wa kuliunga."

Nilimpenda sana kwa maneno kama hayo. Baadaye niliyachukia.

Sasa nimtaje mtani. Alikuwa karani wa shehena bandarini, kazi yake kuhesabu magunia ya korosho yanapopakiwa melini, mtu mnene, mwenye kalamu sikioni hata akiwa msikitini. Ukoo wake na ukoo wa mume wangu walikuwa watani tangu mababu, na utani kwetu haukuwa mchezo wa kupitisha wakati, ulikuwa undugu wenye sheria zake. Mtani anaweza kuingia kwako akamchinja jogoo wako na wewe ukacheka. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili alikuja, akamfunua, akamtazama, akatangaza kwa wanawake wote kwamba huyu arudishwe alikotoka kwa kuwa amefanana na baba yake. Mume wangu naye alimvizia siku ya Ijumaa akavichukua viatu vyake vipya mlangoni mwa msikiti, akavinadi hapo hapo uwanjani, na watu wazima wenye ndevu zao wakawa wanapandisha bei.

Siku ile ya viatu ndiyo niliyoona sheria ya unga. Mtani akishindwa, utani ukimbana mpaka hana pa kutokea, huchukua konzi ya unga akamwendea mwenzake mbele ya watu. Mwenzake anautia mkononi, anampaka kipaji cha uso, kila mtu anacheka, na lililokuwepo linafutika. Viatu vinarudi, jogoo analipwa, hakuna kinyongo. Karani yule alikuja barazani kwetu peku na unga wake, akapakwa mpaka kwenye nyusi, akavaa viatu vyake akaenda zake. Hakuna anayejipaka mwenyewe, wala hakuna anayemchagulia mwenzake siku ya kushindwa. Ni lazima mkono wa yule aliyeshinda.

Miaka michache baada ya Uhuru karani alipata kiwanja kwenye mwinuko wa kuelekea Mikindani, akajenga. Mkewe, rafiki yangu wa kusuka ukili wa mikeka na wa siri, alikuwa ameshika mimba baada ya kungoja sana, na mumewe alikula kiapo kwamba mwanamke yule hatabeba tena ndoo kutoka bondeni. Alitaka kisima uani. Angemwita nani mwingine?

Nilikuwepo siku ya bei. Tulikuwa tumekwenda sote, wanawake tunapika, wanaume wameketi kwenye jamvi kwenye kivuli cha nyumba. Mume wangu alizunguka kama kawaida yake, akachukua mtalimbo, akaanza pembe ya kwanza, macho kafumba. Karani akamuuliza kama anatafuta mshipa wa kudunga sindano. Watu wakacheka. Akaenda pembe ya pili, na karani akawaambia wageni wamsaidie kutafuta, huenda maskini ameangusha meno. Mume wangu naye akacheka, akauegemeza mtalimbo ukutani, akaja kukaa. Sikumbuki mahali pengine popote alipoacha pembe bila kuipima.

Alipokea kikombe, akataja bei ya pima, akaanza maneno yake. Mchanga una bei yake, alisema. Akasema jiwe, na hakufika mbali.

"Hilo jiwe limetoka wapi tena?" karani alimkata. "Babu zenu walilikimbia jiwe huko bara, ndiyo maana mkaja kulala mchangani. Sema tu unaogopa, ntani wangu, tukutafutie kazi ya kufagia."

Mume wangu aliweka kikombe chini. Ninauona uso wake hadi sasa, umejaa kicheko na raha.

"Niogope jiwe la kwako? Kiwanja chako kama kichwa chako, ukikigonga unasikia uwazi. Mchanga nitakutoza. Jiwe nikilikuta, nakuchimbia bure."

Vicheko vilivyopasuka hapo! Kuna mzee jirani alifuta machozi kwa ncha ya kanzu, na huku angali anatikisika akainua mikono yake, akasema Al-Fatiha. Mikono yote ikainuka. Na wangu uliinuka, una unga wa kukandia chapati. Tulisoma huku tunabana mbavu, tukasema Amin, na kilichokuwa kimesomewa Fatiha pale hakikuwa bei. Ulikuwa utani.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hii nilifundishwa nikiwa mtoto, nikadhani ni ya watu wanaotukana.

Mchanga ulikwisha upesi. Siku nilipopeleka chakula, kabla sijafika uani, nilisikia sauti kutoka shimoni. Shuleni kwetu enzi hizo kengele ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, na sauti ile ilikuwa hiyo hiyo: chuma cha reli kikigonga kitu kisichokubali. Mwenzake wa kamba, yule mtu mzima aliyekuwa akivuta ndoo juu, alinitazama akatikisa kichwa. Mume wangu alipandishwa, akanawa, akala. Nilichungulia. Chini palikuwa na jiwe la kijivu lililopigwa asubuhi nzima, na mapigo yote yale yalikuwa yameacha vidoa vyeupe tu, kana kwamba mtu amedondosha wali.

Tulidhani ni ganda jembamba. Halikuwa ganda.

Sululu ilikatika meno. Tindo zilipelekwa kwa mhunzi zikarudi, zikapelekwa tena. Mwishowe alianza kutumia moto: anashusha kuni, anaziwasha juu ya jiwe, likishaiva anamwaga maji, linapasuka kwa kishindo, kisha anashuka kwenye moshi na mvuke na lile vumbi jeupe kwenda kutoa vipande. Vipande vyenyewe vilijaa ndoo moja, mbili. Halafu anaanza upya. Alikuwa akirudi nyumbani mweupe nyusi mpaka kope, na watoto waliona ni jambo la kuchekesha.

Wakati huo huo ndipo serikali ilipohimiza kila kaya iwe na choo. Kila mtu alimtaka mchimbaji. Wajumbe walikuja mpaka mlangoni kwetu kumwita, na wengine walitoka Nanyamba na pesa zao za korosho mkononi, na mimi nikawa nawajibu kwamba yuko kwenye jiwe la mtani wake. Walikwenda kuwatafuta wengine. Waliobaki walikuwa wabaya zaidi. Mmoja, mtu wa mtaa wa Chuno, alisikiliza bei mpaka mwisho, mume wangu alipofika kwenye "jiwe lina bei yake" yule bwana akawakonyeza wenzake akasema, "Kwa karani jiwe bure, kwangu lina bei? Au mpaka nikutukane babu yako?" Walicheka wote. Yale maneno matatu yaliyomlisha maisha yake yote yakawa kichekesho cha barazani.

Nilimwambia apeleke unga. Nilimwambia kwa upole, kisha nikamwambia kwa ukali, na ukali ninao wa kutosha. Ni konzi moja tu, nilisema, upakwe, watu wacheke siku moja, karani alipe jiwe, uendelee na maisha yako. Akanijibu kwamba utani una unga wake, lakini Fatiha haina unga. Akiliruka leo neno lililosomewa Fatiha, kesho yule tajiri wa Nanyamba naye ataliruka lake, na kesho kutwa kila mwenye shimo. Hata leo sina hakika kama alikosea, na hilo ndilo linaloniuma, kwani angekuwa mpumbavu ningemlilia kipumbavu nikapoa.

Na karani? Wengi walimsema vibaya. Mimi simsemi. Mkewe aliniambia, tukiwa tunasuka ukili, kwamba mumewe halali vizuri, kwamba malipo ya jiwe ameyatenga, yako kwenye kasha, anangoja tu unga uje. Nikamuuliza kwa nini asimpelekee mwenyewe. Akasema atampelekeaje? Kumwendea mtani ambaye hajakiri kushindwa ukamlipa ni kumwambia mbele ya watu kwamba unamwonea huruma. Mtani hahurumiwi. Kumhurumia ni kumtupa.

Kwa hiyo alijaribu kwa lugha waliyokuwa nayo, maana hawakuwa na nyingine. Alikuwa akitoka bandarini, anakuja na kalamu yake sikioni, anasimama kwenye ukingo wa kisima anapiga kelele kuelekea chini, "Ntani, unga umepanda bei? Nikukopeshe? Leta konzi moja nikufungulie, mke wangu kachoka kukupikia!" Mimi niliyekuwa juu niliuona uso wake, uso wa mtu anayeomba. Mume wangu aliyekuwa chini, kwenye joto na moshi, alisikia kelele tu. Alisikia anachekwa. Zamani angemjibu tusi la kumwangusha. Sasa ule mtalimbo ulinyamaza kidogo, kisha ukaanza tena kulia.

Natamani ningeshuka mle shimoni nikampandisha kwa kumvuta masikio aje aone uso wa mwenzake. Wanawake hatukushuka visimani.

Maji yalitoka. Yalikuwa matamu, matamu kuliko ya bondeni, na watu walikuja na vibuyu kuyaonja. Mtoto wa karani alikuwa amekwisha kuzaliwa, na mama yake alikuwa amekwisha kubeba ndoo nyingi. Karani alilipa mchanga. Alizihesabu noti mbele ya mashahidi wale wale, na alipofika mwisho mkono wake ukabaki hewani na noti nyingine ambazo hakuzihesabu. Mume wangu aliutazama ule mkono. Kisha akasema maneno ambayo sikupata kumsikia akimwambia mtu yule tangu nimjue.

"Ahsante sana, bwana. Mungu akubariki kwa kisima chako."

Karani alirudisha zile noti mfukoni taratibu. "Na wewe, bwana," alisema.

Nilitaka kupiga yowe. Mtu asiyejua utani atasema, mbona waliachana vizuri? Hawakuachana vizuri. Watani wakianza kuitana bwana, wakiulizana hali za nyumbani kwa adabu, wakipishana njiani kila mmoja anamwachia mwenzake kivuli, ujue wamezikana. Ningefurahi kama wangepigana.

Waliheshimiana hivyo kwa miaka. Kwenye harusi walikaa mbali mbali. Majogoo wetu walizeeka hakuna wa kuwachinja. Kila nilipomtuma mtoto kwa rafiki yangu alirudi na ndoo ya maji ya kile kisima, na mume wangu hakuwa akiuliza maji yametoka wapi, lakini aliyajua kwa kinywa, akawa anachota ya mtungi mwingine. Kisima chenyewe hakikuhitaji kujengewa kuta. Jiwe lilikuwa ndilo kuta, na kilipokauka kila kisima mji mzima, wakati wa kiangazi kikali, hicho hakikukauka. Watu walikisifu. Walisema, ile ndiyo kazi.

Kazi zake nyingine zilipungua. Alijifunza kutaja bei akiwa amelikunja jiwe ndani yake kimya kimya, juu kidogo ya wenzake, ili asiseme tena yale maneno matatu. Wateja waliona ni ghali wakaenda kwingine. Alichukua vibarua vya kupakia korosho bandarini, na aliyekuwa akihesabu magunia aliyobeba alikuwa karani, naye aliyahesabu bila kumtazama.

Kikohozi kilianza kidogo kidogo. Daktari wa kwanza alisema ni kifua, wa pili akasema ni kifua, wala sikumlaumu hata mmoja wao, kwani kweli kilikuwa kifua. Akilala alivuta pumzi kama mtu anayeburuta kitu kizito juu ya changarawe. Nilimuuliza, siku moja nilipokuwa nikimpa uji, kama nimwite mtani aje amtanie kidogo, acheke. Akasema mtani angekuja kwa adabu, na adabu hiyo yeye asingeweza kuivumilia.

Alifariki kipindi ambacho vita vya ng'ambo ya Ruvuma vilikuwa vimekwisha na watu waliokuwa wamekimbilia kwetu wanaanza kurudi makwao. Mji ulikuwa na furaha ya wengine.

Msiba kwetu ni kazi ya watani. Wao ndio wanaoingia bila hodi, wanaoziba mlango jeneza lisitoke mpaka wapewe kitu, wanaovaa kofia ya marehemu na kukohoa kama yeye mpaka wafiwa wacheke katikati ya kilio. Watu wote walimngoja karani. Alikuja mapema, akasalimia kwa heshima, akaketi pembeni ya jamvi, miguu ameikunja. Niliambiwa na wanawake, mimi nikiwa ndani. Nikasema moyoni, basi, na hili nalo limekufa.

Kisha akaja mwanamke mmoja kuniuliza kwa niaba yake kama anaweza kuuchukua mtalimbo ulioegemea ukutani.

Yaliyotokea makaburini nilisimuliwa na yule mwenzake wa kamba. Wachimba kaburi walikuwa wamefika kiunoni wakakuta mwamba. Vijana wakasema wafukie, wahamie upande wa barabarani kwenye mchanga, jua linapanda. Walikuwa sahihi, ndivyo ifanywavyo. Karani akavua kanzu yake. Akashuka na ule mtalimbo, mtu wa kalamu, tumbo linamtangulia, akawaambia hahami mtu hapa.

"Huyu alinichimbia jiwe langu bure," alisema. "La kwake nitalichimba mimi."

Mwenzake wa kamba alisema mwanzoni walimwacha kidogo aridhike, wakitegemea atachoka. Hakuchoka, au alichoka akaendelea. Hakujua kupiga, chuma kiliruka kikamrudia. Walimwomba atoke wampokee, akakataa, kisha akawakubalia wamsaidie kutoa vipande tu. Maziko yaliyokuwa ya adhuhuri yakawa ya alasiri, na jeneza liliwekwa kivulini likingoja, na hakuna aliyenung'unika. Kaburi haliulizwi bei.

Waliporudi nilisikia nyayo zake zinazunguka nyumba kuelekea jikoni. Wanawake waliokuwa wakisonga ugali wa msiba walisimamisha miiko yao. Alikuwa hana kanzu, mweupe nyusi mpaka kope, na viganja vyake vilikuwa vimechanika. Aliomba unga. Mmoja akamchotea, akauchukua kwenye konzi yake, akaja kusimama nje ya dirisha la chumba nilimokuwa nimeketi eda, pazia likiwa kati yetu.

"Shemeji," alisema, "miaka yote nilikuwa naungoja unga huu utoke kwake. Kumbe ulikuwa wa kutoka kwangu. Nimeuleta. Nani atanipaka?"

Uani kulikuwa na kaka za marehemu, kulikuwa na wazee, lakini kila mtu alijua sheria. Ni mkono wa yule mmoja. Mimi nilimwona kupitia upenyo wa pazia, ameinamisha uso mbele kidogo, kama alivyofanya siku ya viatu, yuko tayari kupakwa. Nilimwonea uchungu, nikamkasirikia, nikamkasirikia na yule tuliyetoka kumzika, na maneno yakanitoka kabla sijayaruhusu.

"Umemfukia mwenyewe," nilimwambia, "sasa unamtafuta nani?"

Waliocheka kwanza ni wanawake wa jikoni. Kisha wazee. Kisha naye akaanza, kidogo, halafu kwa nguvu, kile kicheko chake cha zamani ambacho nyumba yangu ilikuwa imekisahau, na mimi huku ndani nikawa nacheka nimejifunika upande wa kanga mdomoni, nacheka na kulia. Alicheka amesimama pale pale dirishani, mkono wenye unga bado ameunyoosha mbele yake, mpaka ule unga ukalowa machozi.